Sura ya Nne: Macho Mapya

Tarehe 7 Julai 1688, msomi mmoja wa Dublin, Ireland, aitwaye William Molyneux, alimwandikia barua mwanafalsafa John Locke. Molyneux alikuwa mtu wa hesabu, nyota na lenzi. Mkewe, Lucy, alikuwa amepofuka miezi michache tu baada ya harusi yao, na pengine ndiyo maana swali lake halikuwa la kupigia soga. Aliuliza hivi: chukua mtu aliyezaliwa kipofu, akakua, akajifunza kwa vidole vyake kutofautisha tufe na mchemraba vya madini ya aina moja na vyenye ukubwa unaokaribiana. Siku moja macho yake yanafumbuliwa. Viweke vitu hivyo viwili mezani mbele yake, asiviguse. Je, ataweza kusema lipi ni tufe na upi ni mchemraba?

Locke hakuijibu barua ile. Molyneux alilituma swali tena mwaka 1693, wakati huo wakiwa wameshakuwa marafiki wa kuandikiana, na safari hii Locke akalipenda kiasi cha kuliingiza katika toleo la pili la kitabu chake, An Essay Concerning Human Understanding, la mwaka 1694. Jibu la Molyneux lilikuwa hapana, na Locke akakubaliana naye. George Berkeley naye akasema hapana. Leibniz, Mjerumani, akasema ndiyo, mradi mtu huyo aambiwe kwanza kwamba vitu vilivyo mbele yake ni vile vile alivyokuwa akivishika, kwa sababu pembe ni pembe, uione au uiguse. Msomaji, kabla hujaendelea, toa jibu lako na ulishike.

Vitabu vingi vya utangulizi wa saikolojia huanza mada hii kwa orodha ya milango mitano ya fahamu. Sikutaka kuanzia huko, kwa sababu orodha ile hutufanya tudhani kwamba dunia inaingia kichwani ikiwa nzima: macho yanaleta picha, masikio yanaleta sauti, na akili imekaa ndani ikitazama. Hata hesabu yenyewe ina kasoro. Ndani ya sikio kuna sehemu zinazokujulisha kama umesimama wima au unaanguka. Misuli na viungo hukujulisha mkono wako uko wapi hata gizani. Maumivu, joto na baridi vina neva zake. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba wanasaikolojia hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachukulia kuwa moja: hisi, yaani mwili kupokea ishara kutoka nje, na utambuzi, yaani ubongo kuzipa ishara hizo maana. Yule kipofu wa Molyneux, siku ya kufunguliwa bandeji, ana la kwanza. Swali ni kama la pili linakuja nalo.

Kinachofika kisogoni

Mwanga hupita kwenye konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ukapita kwenye mboni, ukapita kwenye lenzi, ukatua kwenye retina iliyo nyuma kabisa. Retina ina seli za umbo la fimbo zipatazo milioni 120, ambazo hufanya kazi hata palipo na mwanga hafifu lakini hazitofautishi rangi, na seli za umbo la pia zipatazo milioni 6, ambazo zinataka mwanga wa kutosha na ndizo zinazotupatia rangi. Seli hizi hugeuza mwanga kuwa ishara za umeme, na safari ya mwanga inaishia hapo. Kinachoendelea mbele ni mapigo ya umeme, kwenye neva yenye nyuzi kama milioni moja hivi kwa kila jicho, hadi sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni. Ndani ya fuvu ni giza totoro, mchana na usiku.

Johannes Müller, mwanafiziolojia wa Kijerumani, alifundisha hili katika karne ya 19: kinachoamua kama utaona au utasikia ni neva iliyoguswa, wala si kitu kilichoigusa. Fumba macho, kisha bonyeza taratibu kona ya nje ya jicho moja kwa kidole. Utaona kiduara cha mwanga upande wa puani. Hakuna taa iliyowashwa. Umeisukuma retina kwa kidole, na neva ya jicho haina habari nyingine ya kupeleka isipokuwa habari ya mwanga.

Kuna jaribio jingine, na hili ningependa ulifanye sasa hivi. Fumba jicho la kushoto. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, madole gumba yakiwa juu na yamegusana. Kwa jicho la kulia, kazia macho dole gumba la kushoto bila kubanduka, huku ukilisogeza la kulia polepole kuelekea kulia. Likifika umbali wa pungufu kidogo ya shibiri, ncha yake itatoweka. Ukilisogeza zaidi, itarudi. Ncha ile ilipita mahali neva inapotokea nyuma ya jicho, ambapo hapana seli hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilitangaza doa hilo kipofu mwaka 1668. Mimi linalonishangaza si kwamba jicho lina tundu. Ni kwamba pale palipokuwa na ncha ya kidole hukuona shimo jeusi. Uliona ukuta, au pazia, au chochote kilichokuwa nyuma ya mkono wako. Ubongo ulichukua rangi ya pembeni ukapaziba, na haukukuarifu.

Haukuarifu mambo mengi. Sehemu ya retina inayoona vizuri hasa, kiasi cha kusoma herufi hizi, haizidi upana wa ukucha wa dole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kwingine kote picha ni hafifu. Ndiyo maana macho hurukaruka, mara tatu hivi kila sekunde, yakiokota kipande hapa na kipande pale. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, halafu la kulia, halafu la kushoto tena. Hutayaona yakisogea hata mara moja. Mwite mtu akutazame ukifanya hivyo. Yeye atayaona yakirukaruka bila shida. Kila macho yanaporuka, ubongo huifuta picha iliyovurugika na kuunganisha iliyotangulia na iliyofuata.

Kwa hiyo hali ya ubongo ni ya msikilizaji wa mpira redioni. Anachopata ni sauti ya mtangazaji na kelele za mashabiki, lakini mwulize baadaye, atakusimulia jinsi winga alivyomzunguka beki karibu na kibendera cha kona, kana kwamba alikuwa jukwaani. Uwanja ameujenga mwenyewe, kwa madokezo aliyopewa na kwa mechi alizowahi kuona.

Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya macho kilichokamilika mwaka 1867, alisema kuona ni kukisia kusikokuwa na fahamu: ubongo unapata ushahidi nusu na kutoa hukumu kamili, kwa kasi ambayo mwenyewe huwezi kuigundua. Wazo hilo lina babu yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alikwisha kuandika katika Kitab al-Manazir kwamba jicho hupokea mwanga kutoka kwenye vitu, na kwamba kukitambua kitu kunahitaji kulinganisha na kuamua, jambo linalofanyika upesi mno kiasi kwamba mtu hajui kama limefanyika. Alilitumia wazo hilo kueleza mwezi. Mwezi mpevu ukichomoza baharini, ukiwa umesimama pwani ya Bagamoyo au Malindi, huonekana mkubwa kama sinia. Saa sita usiku, juu utosini, umenywea. Lakini picha yake kwenye retina ni ile ile, nusu ya nyuzi moja ya duara. Viringisha karatasi iwe bomba jembamba, utazame mwezi wa upeoni kupitia humo, na ukubwa wote unayeyuka. Maelezo ya Ibn al-Haytham ni kwamba juu ya bahari kuna umbali unaoweza kuupima kwa macho, hivyo ubongo huuhukumu mwezi kuwa uko mbali zaidi, na kitu kilicho mbali zaidi chenye picha ile ile lazima kiwe kikubwa. Wataalamu bado wanabishana kama hiyo ndiyo sababu yote, lakini sijaona aliyeifuta.

Milango nayo haifanyi kazi kila mmoja kivyake. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha watu filamu ya mdomo unaosema "ga" huku sauti iliyowekwa ikiwa "ba". Wengi wa watu wazima walisikia "da", sauti ambayo haikuwepo kwenye filamu wala kwenye kinasa sauti. Ukifumba macho unasikia "ba". Ukifumbua, "da" inarudi, hata kama umeshaelezwa ujanja wenyewe. Kujua hakusaidii.

Tena ubongo hutupa vingi kuliko unavyoweka. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Harvard waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira wa kikapu kwenye video fupi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mwanga uliotoka kwa yule sokwe ulifika kwenye retina zao sawa na kwa wengine. Anayeendesha gari huku anasoma ujumbe wa simu, na baadaye akaapa kwamba mwenye baiskeli "alitokea tu", huenda hasemi uongo.

Haya, tukubali kwamba ubongo unakisia. Nani aliufundisha kukisia?

Paka, herufi kubwa na mashine ya kuchonga chuma

Mwaka 1728 daktari wa upasuaji wa London, William Cheselden, aliripoti habari za mvulana wa miaka 13 au 14 aliyekuwa na mtoto wa jicho tangu utotoni, akamtoa. Mvulana alipoanza kuona, alidhani kila kitu kimegusa macho yake, kama vitu vinavyogusa ngozi. Maumbo hakuyajua. Alikuwa akisahau yupi paka na yupi mbwa, na akaona aibu kuuliza kila mara, hadi siku moja akamkamata paka, akampapasa mwili mzima, akamkazia macho, kisha akamwachia akimwambia kwamba sasa atamjua wakikutana tena. Picha za ukutani zilimchukua kama miezi miwili kuzielewa, na alipozielewa alizigusa akashangaa kuzikuta bapa.

Wafuasi wa Locke walishangilia. Lakini mvulana mmoja si ushahidi wa kutosha, na madaktari wa zama hizo hawakupima mambo kwa utaratibu.

Aliyepimwa vizuri zaidi alikuja miaka 230 baadaye. Vitabu humwita S.B., Mwingereza aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miezi kumi, na ambaye mwishoni mwa 1958 na mwanzoni mwa 1959, akiwa na miaka 52, alipandikizwa konea mpya. Mwanasaikolojia Richard Gregory na mwenzake Jean Wallace walisoma habari zake gazetini, wakapakia vifaa vyao garini, wakamfuata. Taarifa yao ya mwaka 1963 bado inasomeka kama hadithi.

Kitu cha kwanza S.B. alichokiona kilikuwa uso wa daktari. Aliona ukungu wenye mikunjo, na akajua ni uso kwa sababu tu sauti ilitokea hapo, na sauti hutoka usoni. Aliweza kutambua kwa macho vile alivyokuwa akivijua kwa mikono: viti, meza, saa. Tena aliweza kusoma saa ya ukutani papo hapo, maana kwa miaka mingi alikuwa na saa isiyo na kioo aliyoisoma kwa kupapasa mishale. Na aliweza kusoma herufi kubwa za Kiingereza. Herufi ndogo, hapana. Gregory alichimbua akagundua kwamba katika shule ya vipofu S.B. alifundishwa herufi kubwa zilizochongwa kwenye mbao. Herufi ndogo hakufundishwa kamwe. Mkono ulikuwa umeshalifundisha jicho kabla halijafunguka.

Lakini vile ambavyo mkono haukuwahi kuvifikia, vilimshinda. Akiwa hospitalini, dirisha likiwa ghorofani juu sana, alijaribu kutoka nje akayatazame magari kwa karibu, akidhani ardhi iko pale chini ya miguu. Gregory alimpeleka kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, kutazama mashine ya kuchonga chuma, kifaa ambacho S.B. alikitamani maisha yake yote. Mbele ya kabati la kioo hakuweza kusema lolote la maana. Kabati likafunguliwa, akaruhusiwa kushika. Alifumba macho, akapitisha mikono juu ya mashine kwa hamu kubwa, akarudi nyuma, akafumbua macho, akasema kwamba sasa kwa kuwa ameipapasa, anaweza kuiona.

Laiti habari ingeishia hapo. Kabla ya upasuaji S.B. alikuwa mtu mchangamfu, fundi wa mikono, aliyevuka barabara peke yake na hata kuendesha baiskeli huku rafiki amemshika bega. Baada ya kuona, barabara ilimtisha. Rangi iliyobanduka na uchafu wa ukutani vilimsononesha. Jioni alikaa gizani bila kuwasha taa. Alifariki mwaka 1960. Gregory hakuficha kwamba zawadi ile ilimwelemea mwenye nayo, na naona ni haki kulitaja hili kila S.B. anapotajwa, badala ya kumtumia kama kielelezo cha darasani kisha kumwacha.

Mistari ya Evanston na ya Kalahari

Kama kuona kunafundishwa, basi watu waliofundishwa na mazingira tofauti wangeona tofauti. Chora mistari miwili yenye urefu sawa. Wa kwanza utie vichwa vya mshale kila mwisho, ncha zikielekea nje. Wa pili utie vichwa hivyo hivyo lakini uvigeuze, ncha zikielekea ndani. Mstari wa pili utaonekana mrefu zaidi. Franz Müller-Lyer aliutangaza mchoro huu mwaka 1889, na hakuna kitabu cha utangulizi kinachoukosa.

Miaka ya 1960 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits waliupeleka kwa watu wapatao 1,900 wa jamii zaidi ya kumi, nyingi za Afrika, wakiwemo Watoro na Wanyankole wa Uganda. Waliodanganyika zaidi walikuwa watu wa Evanston, Marekani: ili mistari ionekane sawa, ule mfupi machoni ulihitaji kurefushwa kwa karibu asilimia 20. Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Watafiti wakaeleza kwamba mtu aliyelelewa ndani ya vyumba vya pembe mraba huzoea kusoma mistari ya namna ile kama kona za ukuta, moja ikiwa karibu na nyingine mbali, na ubongo wake hurekebisha ukubwa bila kuulizwa. Aliyelelewa kwenye nyumba za duara na uwanda wazi hana mazoea hayo.

Kwenye fungu hilo hilo la vitabu hutokea kijana Kenge, Mmbuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliandika mwaka 1961 kwamba alimtoa Kenge msituni, ambako jicho halifiki mbali kabla ya kukutana na mti, akampeleka kwenye mbuga karibu na Ziwa Edward. Kenge aliona nyati maili kadhaa mbele akauliza ni wadudu gani wale. Alipoambiwa ni nyati, akacheka. Gari lilipowakaribia na "wadudu" kukua, akashuku uchawi.

Wengi hujifunza kisa hiki shuleni na kukikumbuka kuliko nadharia nzima. Mimi sikitegemei sana. Ni mtu mmoja, siku moja, na shahidi mmoja aliyekuwa pia mwandishi hodari wa visa. Hatujui Kenge alikuwa akitania kiasi gani, na yeyote aliyewahi kutembeza mgeni anayependa maajabu anajua jinsi mwenyeji anavyoweza kumpa maajabu. Kwamba mazoea ya umbali husaidia kuhukumu ukubwa, sawa. Kwamba msitu huwafanya watu washindwe kumjua nyati, hilo linataka ushahidi mzito kuliko safari moja ya gari. Waafrika wametumiwa mno kama mifano ya kuchekesha kwenye vitabu hivi.

Nadharia ya vyumba vya mraba yenyewe ilipata pigo baadaye, tena kutoka upande usiotarajiwa.

Watoto wa Prakash

Pawan Sinha, mzaliwa wa India na profesa wa MIT huko Marekani, alianzisha katika miaka ya 2000 mradi uitwao Prakash, unaowatafuta vijijini India watoto waliozaliwa vipofu kwa sababu zinazotibika, mara nyingi mtoto wa jicho, na kuwapatia upasuaji New Delhi bila malipo. Hapo ndipo swali la Molyneux lilipoweza kuulizwa kwa utaratibu. Mwaka 2011 Richard Held, Sinha na wenzao walitoa matokeo ya watoto watano wenye umri wa miaka 8 hadi 17, waliopimwa ndani ya saa 48 baada ya kufunguliwa jicho. Walitengenezewa jozi 20 za maumbo ya plastiki. Mtoto alipewa umbo moja, kisha akachagua kati ya mawili lipi ni lile lile. Kwa mkono na mkono walipata asilimia 98. Kwa jicho na jicho, asilimia 92, maana yake waliona vya kutosha. Lakini kwa kushika kwanza na kuchagua kwa macho walipata asilimia 58, karibu na kubahatisha.

Kwa hiyo Molyneux na Locke walikuwa sahihi. Leibniz amekosa. S.B. na herufi zake hawalibatilishi hilo, kwa kuwa Gregory alimfikia wiki kadhaa baada ya upasuaji wa kwanza, na utafiti huu wa Delhi unaonyesha kwamba wiki ni muda mrefu: waliorudiwa baada ya siku chache tu walikuwa wameshapanda sana, bila mtu kuwafundisha. Wapo wanafalsafa wanaodai kwamba macho ya siku ya pili bado ni mabovu kiasi cha kuufanya mtihani usiwe wa haki. Hoja yao ina uzito kidogo, lakini asilimia 92 ile inawakalia vibaya.

Mwaka 2015 kundi hilo hilo likawaonyesha watoto tisa waliotoka tu kupata macho ule mchoro wa Müller-Lyer. Hawa hawakuwa wameona chumba chochote, cha mraba wala cha duara. Walidanganyika mara moja, kama wewe na mimi. Kumbe udanganyifu ule hauhitaji miaka ya kukaa kati ya kuta. Sehemu fulani ya ukisiaji imo ndani ya ubongo tangu mwanzo. Tofauti ambazo Segall alizipima bado zinataka maelezo, lakini zile nyumba za pembe mraba haziwezi tena kubeba mzigo wote.

Kinachozaliwa nasi na kinachofundishwa vimesukwa pamoja, na vina wakati wake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliyashona macho ya paka wachanga, jicho moja kwa kila paka, wakayafungua miezi michache baadaye. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Lakini kisogoni, seli zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa karibu zote zimehamia kwenye jicho lililokuwa wazi, na paka alikuwa kipofu wa jicho zima. Paka mkubwa akifungwa jicho muda huo huo, hapati dhara hilo. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: mtoto wa jicho wa mzee anaweza kungoja mwaka na akitolewa mzee anaona, ila mtoto mchanga mwenye ukungu mzito kwenye lenzi anahitaji upasuaji katika wiki za mwanzo za maisha, kwa sababu kila mwezi unaopita ubongo unazidi kujipanga bila jicho hilo. Ndiyo sababu kwa muda mrefu madaktari wengi waliona hakuna faida kumpasua mtoto mkubwa aliyezaliwa kipofu. Watoto wa Delhi wameonyesha kwamba faida ipo. Macho yao hayakufikia ukali wa kawaida, lakini walijifunza kutambua nyuso, kutembea bila kushikwa mkono, na wengine kwenda shule.

Basi, msomaji, kama nyumbani kuna mtoto mchanga, wako au wa jirani, mtazame mboni zake kwenye mwanga. Mboni nzima ni nyeusi. Ukiona weupe ndani yake, au picha ya simu yenye flashi ikatoa jicho moja jekundu na jingine jeupe, usikubali kuambiwa kwamba atakua na litaondoka, na usitie dawa yoyote ya kienyeji. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni saratani ya retina, ambayo huua. Mfikishe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Na kama mtoto ameshafika miaka minane au kumi na minne, na zamani mliambiwa wakati umepita, mrudisheni akapimwe upya.